Upawa wa Kwanza wa Fundi Makame

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ya lini maana sikuzaliwa na kalenda mkononi, palikuwa na mji uitwao Shungi, na mji huo ulikuwa na mpishi mmoja tu wa shughuli aliyestahili kuitwa mpishi. Jina lake Fundi Makame. Wengine walikuwepo, lakini hao walikuwa wakichemsha tu.

Watu wa Shungi walikuwa na ada mbili za harusi. Zishikeni, maana sitazirudia. Ada ya kwanza, watu wa bibi harusi hukaa kulia kwa mpishi, na watu wa bwana harusi hukaa kushoto kwake. Ada ya pili, pilau ikifunuliwa, mpishi huteka upawa wa kwanza akampa mtu mmoja anayemwona anastahili heshima kuliko wote siku hiyo. Mtu mmoja, si wawili. Upawa huo haugawanywi, kwani walisema ukigawanywa na ndoa itagawanyika. Na kabla haujatolewa hakuna anayekula, hata kama tumbo limeanza kumtukana.

Basi asubuhi moja Fundi Makame alikuwa akimenya vitunguu, kisu kikamponyoka, mdomo ukaenda upande, akaanguka. Kiharusi. Alilala wiki tatu. Mungu si Athumani, mdomo ukarudi mahali pake, mguu ukatembea, na mji mzima ukasema fundi amepona. Kumbe kilichopona ni kile kinachoonekana.

Mkewe, Bi Kazija, ndiye aliyeanza kuona vituko. Mume alinyoa ndevu za kulia tu, akatoka nje akijiona maridadi. Alivaa kiatu kimoja akaenda msibani. Akipewa sahani ya wali, alikula nusu ya kulia akaisafisha kabisa, kisha akalalamika kwamba siku hizi katika nyumba hii anapunjwa kama mgeni asiyetakiwa. Bi Kazija akaigeuza sahani. Fundi Makame akaona wali umejaa, akamshukuru kwa kumwongezea. Mama wa watu akacheka mpaka akalia, kisha akalia bila kucheka.

Fundi mwenyewe hakuona kasoro yoyote. Kwake dunia ilikuwa nzima. Aliona tu kwamba watu wamekuwa wagomvi, vyombo vimepungua, na milango mingine ya nyumba yake imehamishwa na wasiomtakia mema.

Ikaja harusi ya jirani, akaitwa kupika. Alitia mchele kabla ya maji, viazi akavitia mwisho na maganda yake, kisha akashika mwiko akakoroga nusu ya kulia ya sufuria. Nusu hiyo ikawa uji. Nusu ya kushoto mchele ulibaki mkavu vilevile ulivyotoka gunia. Wakati wa kupakua, akawapakulia watu wa kulia mpaka masinia yakamwagika, akapangusa mikono, akasema tayari, akaketi. Watu wa bwana harusi, pale kushoto, wakangoja. Wakangoja tena. Mwishowe ami yake bwana harusi akasimama akauliza kama wamealikwa harusini au wamealikwa kufunga. Watu wakaona ni dharau iliyopangwa. Maneno yakaruka, kofia zikaruka, nusura talaka itangulie ndoa.

Wazee wa mji wakakaa kikao. Wakasema baada ya miezi mitatu ni harusi ya Raya, binti wa Fundi Makame mwenyewe. Akipika bila kosa, mwiko wa mji ubaki kwake. Akikosea, mwiko uende kwa Haji Ngwali, mpishi wa pili. Haji Ngwali alikuwepo kikaoni, akajitahidi sana asitabasamu, akashindwa. Fundi Makame aliumia moyo. Mwiko ule ndio jina lake. Kunyang'anywa siku ya harusi ya bintiye, mbele ya wakwe, heri ardhi immeze.

Bi Kazija akampeleka kwa tabibu, bibi mmoja wa maneno machache. Tabibu akampima, akamgeuza, akamwuliza maswali, kisha akasema kichwa cha mtu ni mtaa. Kila nyumba ina kazi yake. Hii inatazama upande wa kushoto, ile inapanga lipi litangulie na lipi lifuate, nyingine inamwambia mwenyewe, haya, inuka ufanye. Damu ilikatika njiani, nyumba hizo zikafa, na hata zile zilizobaki zimevurugika kwa sababu zilizoea kupelekeana habari.

"Zilizokufa hazifufuki," tabibu akasema. "Lakini majirani wanaweza kujifunza kazi zao, wakisumbuliwa kila siku. Wasiposumbuliwa watakaa barazani tu."

Bi Kazija akarudi nyumbani na kazi moja, kusumbua. Alihamishia kila kizuri upande wa kushoto. Kahawa kushoto. Tende kushoto. Mto wa kulalia kushoto. Yeye mwenyewe akawa hasemi na mumewe ila amesimama kushoto, na njuga akamfunga kwenye mkono wa kushoto zimlilie. Fundi Makame akawa anasikia sauti ya mkewe kutoka mahali pasipokuwepo. Alikasirika, akamwita mchawi, siku nyingine akalia kwa hamu ya kahawa. Bi Kazija alilia naye, lakini kikombe hakukisogeza. Ikafika siku ya arubaini, shingo ikageuka yenyewe, na Fundi Makame akaona ukuta mzima wa nyumba yake ambao hakuuona tangu alipougua. Akauliza nani kaupaka chokaa vibaya vile. Alikuwa kaupaka yeye.

Kushoto kumerudi, alhamdulillahi. Lakini mpelekee vyombo vya kupikia uone. Alikuwa akitia iliki, akikumbuka nyama, akitoa iliki, akifunika sufuria tupu, akipalia makaa juu ya kifuniko, kisha akitafuta maji. Ndipo akaja Mize, mpwa wake, binti wa dada yake, mwimbaji wa harusi asiyejua kunyamaza. Mize aliona kwamba mjomba wake anasahau kila kitu ila nyimbo. Nyumba ya nyimbo haikuguswa. Basi akaipanga pilau yote ndani ya wimbo, na ngoma akapiga:

Kitunguu kwanza, mjomba, kaanga kiwe kahawia,
thomu na tangawizi wasingoje kualikwa,
nyama na supu yake, viazi vikifuatia,
mchele aje mwisho, yeye ndiye bibi harusi.
Ukianza na mchele, mjomba, tutatafuna mawe.

Mstari huo wa mawe haukuwa na kazi. Mize aliutia kwa sababu ulimchekesha, na kwa sababu alikuwa Mize. Wimbo ukatoka nje ya ua, wanawake wakauimba kisimani, watoto wakauimba njiani, na Fundi Makame akisikia mji mzima unamwimba alitamani kujifunika kanga. Lakini mikono yake ilifuata wimbo. Kitunguu kikatangulia, mchele ukaja mwisho.

Mnadhani yamekwisha? Kushoto anakujua, utaratibu anaujua, na fundi anakaa mbele ya mafiga na mwiko wake mikononi, ametulia, hafanyi lolote. Ukimwuliza, anasema atapika. Saa inapita. Ukimwuliza tena, anasema atapika. Bi Kazija alimbembeleza, Mize alimwimbia mpaka sauti ikakauka. Yeye mwenyewe ndani ya moyo alitaka kuinuka, wallahi alitaka, ila yule wa kumwambia inuka hakuwepo nyumbani. Siku tisa zikabaki, kisha nane.

Siku hiyo ya nane akaja Haji Ngwali. Alisema amekuja kumjulia hali, lakini alikuja na uzi wa kupimia mwiko. Akaupima urefu mbele ya mwenyewe, akamwambia kwa upole wa mnafiki, "Fundi mwenzangu, wewe pumzika. Pilau ya Raya nitapika mimi. Nitatia na nyanya."

Fundi Makame akainua kichwa. "Nyanya? Kwenye pilau?"

"Nyanya nyingi. Na karoti kidogo, ipendeze."

Fundi Makame akasimama. Alisimama kwa miguu yote miwili, akamtoa Haji Ngwali uani kwa mwiko, akarudi, akawasha moto, akapika pilau ya watu sitini siku ambayo nyumbani walikuwa watu watatu. Haji alicheka akaenda zake, akaona ule ni ushindi wa siku moja tu. Kesho yake akarudi kumvunja moyo, akatishia kutia sukari. Fundi Makame akapika. Keshokutwa akatishia tambi. Fundi Makame akapika tena. Haji hakuelewa kinachotokea. Mtu wa husuda haachi njia yake hata ikimpeleka kubaya.

Siku ya harusi ikafika. Bi Kazija alisimama kushoto kwa mumewe. Mize alishika ngoma. Haji Ngwali alikuja na kapu zima la nyanya, akaliweka mahali linapoonekana, akingoja mwenzake aduwae ili aruke. Mara mbili Fundi Makame aliduwaa. Mara mbili jicho lake lilianguka kwenye kapu, na mara mbili akazinduka. Pilau ikaiva, kulia imeiva na kushoto imeiva, punje haijashikana na punje. Wazee wakaonja harufu tu, wakasema mwiko ubaki kwa mwenyewe.

Fundi Makame akateka upawa wa kwanza. Akauinua. Na mbele yake zikatokea sahani tatu.

Bi Kazija akasema, "Baba Raya, bila mimi ungepika nusu sufuria na kuvunja ndoa ya mwanao. Miaka thelathini umewapa upawa wa kwanza masheha na wageni, mimi nimekula ukoko. Sikuwahi kuuomba. Leo nauomba."

Mize akasema, "Mjomba, kuona si kupika. Ungeuona huo mchele wote, kulia na kushoto, na ungeutia kabla ya maji. Mimi ndiye niliyekupa njia."

Bi Kazija akamkumbusha kwamba njia hiyo ilipita kisimani, mji mzima ukamcheka mzee wa watu. Mize akasema kicheko hakijamwua mtu.

Haji Ngwali akasogeza sahani yake. "Mimi nilikuja kuchukua mwiko, sifichi. Lakini mwulizeni mwenyewe. Mapenzi yalimgeuza shingo, wimbo ulimpanga mikono. Nani alimwinua pale alipokaa?"

Mize akamgeukia. "Mtu aliyekuja kuzika, maiti akipiga chafya, naye atashukuriwa?"

Sahani yake Haji hakuirudisha.

Fundi Makame akawatazama wote watatu, kulia, katikati na kushoto. Alimpenda mkewe, na hakuna aliyekuwa na shaka juu ya hilo, ila mapenzi na stahili alijua ni vitu viwili. Alimwonea haya mpwa wake, na papo hapo alikuwa radhi naye. Na alimchukia Haji, lakini akiutafuta moyoni mwake ule wakati alipoinuka, haoni mke wala wimbo, anaona nyanya. Upawa ulianza kumlemea. Bibi harusi analia kwa njaa, wakwe wamekunja nyuso, watu mia mbili wanatazama mkono mmoja, na ada haikubali kugawa.

Haya, nyinyi mliokaa mkinitazama kana kwamba nina jibu mfukoni. Mkono wa Fundi Makame uko juu, pilau inapoa. Kuna aliyesaidia kwa mapenzi, kuna aliyesaidia kwa mchezo, kuna aliyesaidia kwa ubaya bila kutaka, na akipungua mmoja hakuna harusi. Je, nani alistahili upawa wa kwanza? Na wewe utakayemjibia, utaweza kuwatazama machoni wale wawili waliobaki na sahani tupu?