Magogo Yenye Alama Nyekundu

Bwana Kilongola, aliyefyeka msitu wote wa mlimani, alikataa kutulipa nyumba zetu zilizobomolewa na mafuriko.

"Mvua ni ya Mungu," alisema.

Mimi, msomi pekee wa ukoo, nilimjibu, "Kweli, mzee," nikaenda kulala kwa jirani.

Shangazi Sikudhani yeye alimwita Kilongola. "Kaka, maji yametuletea magogo yenye alama nyekundu. Ni ya nani?"

Alikuja mbio na mwenyekiti wa kijiji. "Yangu!"

"Si yameletwa na Mungu?"

"Mungu hapaki magogo rangi! Yangu yote, popote yalipo."

"Yote kabisa?"

"Halibaki hata moja!"

"Mwenyekiti, umesikia," alisema Shangazi, kisha akanigeukia. "Haya, msomi, mpeleke akaone lililovunja ukuta likalala kitandani kwako."