Kijiko cha Pili

Kulikuwa na mama mmoja aliyeachika kwa vishindo, talaka ya kurushiana masufuria mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Haya, yakaisha. Lakini walikuwa na binti wa miaka saba, ana kifafa, na dawa yake ni kijiko kimoja asubuhi, kimoja magharibi. Wikendi kwa baba, siku nyingine kwa mama.

Mama akaweka sheria. "Ukivuka mlango huu sitaki kumsikia baba yako. Ukimtaja tu, funga virago umfuate!" Na baba naye, mwanamume mzima na ndevu zake, alishaifunga namba ya mama kwenye simu. Mnaliona hilo?

Basi kila Jumapili baba anampa mtoto dawa ya magharibi, anamshusha getini, anaondoka bila hata hodi. Mama anampokea, anamwogesha, anachukua kijiko. "Fungua mdomo." Mtoto anamtazama kwanza. Kisha anafungua.

Zikaja Jumatatu za kusinzia darasani. Jumatatu moja mtoto hakuamka kabisa. Mama akambeba mbio hospitali, njia nzima anaapiza, "Kamlisha nini mwanangu, yule shetani!" Baba akaitwa, wakavaana pale pale kando ya kitanda, aibu hawana!

Daktari akasema, "Dawa imezidi mwilini." Kila mmoja akaapa kwamba ametoa kijiko kimoja tu. Na wallahi, hakuna aliyedanganya.

Mtoto alipozinduka, mama akamwinamia, machozi yanamtoka. "Mwanangu, kwa nini hukuniambia kwamba umeshakunywa?"

Mtoto akajibu kwa sauti ndogo, "Ungeniuliza nani kanipa."

Mnaguna nini, ndugu zangu? Na nyinyi mama zetu nyuma ya pazia, nawasikia. Mnamguna nani? Ni sisi hao! Tumewafunga watoto midomo kwa hasira zetu, halafu tunajisifu kwamba tunawalea. Talaka imeondoa mume na mke. Nani katwambia imeondoa baba na mama? Mtoto kamkosea nani?

Mimi sisemi mrudiane. Sisemi hata mpendane. Kama moyo umekataa, umekataa. Nasema mwandikie mwenzio, "Kashakunywa." Neno moja tu, jamani! Na hilo nalo linatushinda?