Aliyemzibia Mbwa Dirisha

"Aliyemzibia mbwa dirisha alijizibia pumzi."

Mmeisikia leo pale bombani, mama yule akimwambia mwanawe anayekunja uso kila akionywa, nanyi mmekuja mbio kuniuliza: mbwa gani, dirisha gani, na pumzi inaingiaje hapo? Mmeuliza vizuri. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa kwetu Tukuyu, kwenye kota za kiwanda cha chai, mchana kweupe, na ilizaliwa namna hii.

Kota zile zilibanana kama watu waliolala kitanda kimoja wakati wa baridi. Ukipiga chafya sebuleni kwako, jirani anakuitikia "Afya!" kupitia ukutani. Ukikaanga samaki, watoto wa mtaa mzima wanakuja kukusalimia. Hakuna aliyefurahi peke yake pale, na hakuna aliyegombana peke yake.

Katika nyumba mojawapo aliishi Ambilikile, fundi wa mashine za kukaushia majani ya chai. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya, na kila mtu alimwita mwalimu. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa mjane aliyeitwa Mama Tumpale. Mama Tumpale alikuwa na mbwa wawili, na mnajua desturi ya watu wetu: mbwa hapewi jina bure, hupewa jina la kuwafikia majirani. Mmoja aliitwa Mtasema, mwingine aliitwa Wivu. Jioni mama yule akisimama mlangoni na kuita, "Mtasemaaa! Wivuuu! Njooni mle!" mpita njia hakujua kama wanaitwa mbwa au wanasemwa watu. Ambilikile mwenyewe aliamini kabisa kwamba Wivu alipewa jina lake wiki ile ile ambayo mkewe alinunua kochi jipya.

Hayo yangevumilika. Lililomshinda Ambilikile ni kubweka. Mbwa wale walibweka wageni wakija, wakabweka wageni wakiondoka, wakaubwekea mwezi na wakaibwekea mvua. Kubwa zaidi, waliibwekea kwaya. Wanakwaya wakianza tu mazoezi sebuleni kwa Ambilikile, Mtasema alikuja chini ya dirisha, akainua pua juu na kubweka bila kupumzika, na Wivu akamwitikia kutoka nyuma. Wimbo ukiisha, nao waliisha. Ukianza mwingine, nao walianza.

Basi, Jumapili moja ya mwezi wa saba mchungaji alisimama kanisani akatangaza jambo. Redio ilikuwa inakaribisha kwaya za vijijini zitume nyimbo zao kwenye kaseti. Zitakazofika mapema zitasikika Jumapili inayofuata, nchi nzima.

Nchi nzima! Loo, kota zilichemka! Wiki ile watu hawakuzungumza jambo jingine. Wanawake walifua sare zao za kwaya, wakazipiga pasi mpaka zikang'aa.

"Jamani, redioni hawatuoni," alisema Gwakisa, kijana aliyepiga gitaa na mwenye redio kaseti.

"Mungu anatuona," alimjibu Anyisile, binti aliyeongoza sauti ya kwanza. "Na mimi siwezi kupandisha sauti juu kule nikiwa na gauni la jikoni."

Lakini hakuna aliyekuwa na moto moyoni kama Ambilikile. Wimbo uliochaguliwa alikuwa ameutunga yeye mwenyewe, mstari kwa mstari, masika yote, akiuimba kimoyomoyo katikati ya ngurumo za mashine. Maisha yake yote hakuna kitu chake kilichowahi kuvuka kilima kile. Sasa wimbo wake ungevuka! Alilala akiuota, akaamka akiupiga kwa vidole mezani. Jambo moja tu lilibaki: waurekodi Jumamosi mchana, na kaseti iondoke na basi la jioni. Ikikosa basi hilo, imekosa Jumapili.

Jumamosi ikafika na ukungu wake. Baridi ya mwezi wa saba kwetu mnaijua. Ukitoa neno mdomoni linatoka na mvuke. Kanisa lilikuwa limeezuliwa bati kwa matengenezo, kwa hiyo wanakwaya walikusanyika sebuleni kwa Ambilikile. Mkewe alikuwa ameondoka kwenda kumwuguza mama yake, lakini alikuwa ameacha jiko la mkaa na birika la chai ya tangawizi, na Ambilikile akaliingiza jiko sebuleni ili watu wapashe koo. Hilo ni jambo la kawaida kwetu. Lakini kuna kanuni ambayo kila mtoto wa Tukuyu hufundishwa: jiko likiingia, dirisha linabaki wazi.

Wakaomba. Gwakisa akabonyeza kitufe. Ambilikile akainua mikono, sauti zikapanda.

Bwe! Bwe! Bwe!

Wakasimamisha. Wakaanza tena. Bwe! Bwe! Wakajaribu tena na tena, na kila mara Mtasema alikuwa msanii mkuu. Ambilikile akatoka nje akifura, akaenda mlango wa pili.

"Shikamoo, Mama Tumpale."

"Marahaba, mwalimu. Mnaendeleaje na redio yenu?"

"Ndiyo iliyonileta. Naomba uwafungie mbwa, saa moja tu."

"Niwafungie wapi? Chumbani, nilale nao?" Mama Tumpale alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage, wala hakuinua macho. "Mwalimu, ninyi mnaimba, nao wanaimba. Mbona mimi sijaja kukuomba uwafungie wanakwaya wako?"

Ambilikile akarudi na hasira zake zote. Akawaambia wenzake wapige magoti, akaomba kwa sauti kuu: "Ee Bwana, uliyefunga vinywa vya simba mbele ya Danieli, leo tunakusihi ufunge vinywa vya mbwa hawa!"

"Amina!" wakaitikia wote.

"Bwe!" akaitikia Mtasema.

Wengine walicheka mpaka wakajishika mbavu. Ambilikile hakucheka. Saa ya basi ilikuwa inakuja. Akasimama, akalivuta dirisha akalifunga kwa komeo. Akachukua blanketi zito kitandani kwake akalipigilia misumari juu ya dirisha. Akafunga mlango kwa kitasa, akakunja vitenge na kuvisokomeza chini yake. Sauti ya mbwa ikawa ndogo, kama inatoka ng'ambo ya bonde.

"Mnaona?" alisema akisugua mikono. "Mungu husaidia wanaojisaidia. Haya, kutoka mwanzo!"

Wakaimba. Kukatokea kosa kwenye beti ya pili, wakaanza upya. Likatokea jingine. Jiko lilikuwa jekundu katikati ya chumba, halitoi moshi wala harufu, na joto likawakumbatia vizuri. Gwakisa alipiga miayo.

"Mwalimu," alisema Anyisile, "kichwa kinanigonga."

"Ni baridi hiyo. Kunywa chai."

"Si baridi. Tufungue dirisha kidogo tupate hewa."

"Tufungue, mbwa aende redioni badala yako?" Ambilikile naye alihisi paji la uso likimbana, lakini akadhani ni hasira yake juu ya mbwa. "Mwanangu, basi halimngoji mtu. Mara moja tu, ya mwisho. Mkinipa hii moja, mwende mkalale hata wiki nzima."

Anyisile akamtazama, akalitazama lile blanketi. Hukumu ya mwalimu haikupingwa pale. Akajifunga kitenge vizuri, akapanda tena juu ya kiti alichokuwa akiimbia.

Na jamani, waliimba! Safari hii hakuna aliyekosea. Sauti ya Anyisile ilipaa kama ndege aliyefunguliwa, sauti nzito zikaibeba kutoka chini, gitaa likatembea katikati kwa adabu. Ambilikile aliusikia wimbo wake ukiwa mzima kwa mara ya kwanza, machozi yakamtoka. Magoti yake yalikuwa kama yamejaa maji, naye akafikiri ni furaha.

Kwenye beti ya mwisho Anyisile alifungua kinywa, sauti haikutoka. Akaanguka pamoja na kiti.

Ambilikile alitaka kumkemea kwa kuharibu kaseti. Akageuka awaombe wengine wamwinue, na ndipo alipoona. Waimbaji wa sauti nzito walikuwa wamelaliana mabegani kama watu wa kusinzia kanisani. Gwakisa alikuwa ameinamia gitaa, vidole bado viko kwenye nyuzi. Hakuna aliyekuwa anaimba. Hakuna aliyekuwa anajongea.

Alijua mara moja. Mkaa! Alitaka kukimbilia mlangoni, miguu ikakataa. Akatambaa hadi dirishani kulikokuwa karibu, akashika ncha ya blanketi akavuta, lakini mkono haukuwa na nguvu, na misumari aliipigilia vizuri mwenyewe. Akateleza, akaketi sakafuni chini ya dirisha, kisogo ukutani.

Upande wa pili wa ukuta ule, mkono mmoja tu kutoka kichwani kwake, Mtasema alikuwa anabweka. Alikuwa anaparura ukuta kwa kucha na kubweka. Ambilikile akawaza polepole, kama mtu anayewaza ndani ya maji: wimbo umeisha, mbona huyu haishi? Siku zote tukinyamaza hunyamaza.

Hapo akakumbuka alichokuwa amemwomba Mungu muda mfupi tu uliopita. Hofu aliyoisikia, watoto wangu, ilizidi hofu ya kufa. Midomo haikuweza kusema, akaomba moyoni: "Bwana, usinijibu ombi lile. Usimnyamazishe. Usimnyamazishe."

Mtasema hakunyamaza.

Nje, Mama Tumpale alikuwa bado na maharage yake. Alisikia wimbo ukikatika, akangoja mbwa akatike nao, kama ilivyo kawaida. Mbwa akaendelea. "Mtasema! Nyamaza, wameshamaliza!" Mbwa akaja mbio hadi miguuni pake, akarudi mbio dirishani, akabweka zaidi. Mama Tumpale akaweka ungo chini. Akaenda kugonga mlango wa jirani yake.

"Mwalimu! Mwalimu, mmelala au mmekufa?"

Kimya. Mama yule hakugonga tena. Alikimbilia jikoni kwake akachukua mchi wa kinu, akaliendea dirisha, akalipiga dharuba moja. Vioo vikamwagika! Akaingiza mchi, akausukuma kwa nguvu zake zote, blanketi likang'oka na misumari yake, na baridi ya Tukuyu ikamwangukia Ambilikile usoni kama maji ya mto.

"Watu weee! Njooni! Kwaya inakufa!"

Mkiishi mbali mbali, kelele kama ile inaishia hewani. Pale kota nani asingeisikia? Milango ilifunguka mstari mzima. Wanaume walivunja mlango kwa mabega, mmoja akalirusha jiko nje, wengine wakawabeba watu wakawalaza majanini ukunguni, wakawapepea kwa kanga, wakawaita kwa majina. Mmoja akakohoa. Mwingine akatapika. Gwakisa akafumbua macho akauliza gitaa liko wapi, watu wakapiga vigelegele. Kila aliyekohoa alipigiwa vigelegele!

Ila Anyisile. Anyisile hakukohoa. Walimlaza kwenye blanketi lile lile, vijana wakalishika pembe zote, wakaondoka naye mbio kuelekea zahanati.

Ambilikile aliketi majanini akitetemeka. Kutoka chini ya kilima ikasikika honi ya basi la jioni, ndefu, ikizidi kwenda mbali. Kaseti ilikuwa bado ndani ya redio. Mtu mmoja akasema, "Mwalimu, basi hilo." Ambilikile hakugeuza hata kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye njia ya zahanati, na alichoomba kilikuwa neno moja tu, jina la binti wa watu.

Ukungu ulikuwa unaanza kuwa mweusi walipoona kijana anarudi, anakimbia, anapunga shati hewani.

"Amefumbua macho! Mganga wa zahanati amempa hewa ya mtungi, amefumbua macho! Anauliza nani amemalizia beti yake!"

Mngeona kota siku ile! Watu walikumbatiana, walipiga magoti, waliimba wimbo ule ule wa Ambilikile bila kuongozwa na mtu. Mbwa nao wakabweka, na safari hii hakuna aliyewarushia jiwe.

Ambilikile akasimama kwa shida, akamwendea Mama Tumpale, akamshika mikono yote miwili. "Mama, sijui niseme nini."

"Sema ndaga, asante tu, inatosha." Kisha mama yule, ambaye hata mbwa hakuwapa jina bila kumchoma mtu, hakuweza kujizuia. Akalitazama dirisha lililovunjika, akamtazama Ambilikile, akasema mbele ya watu wote: "Tena ujue, mwalimu, ulimzibia mbwa dirisha, kumbe unajizibia pumzi!"

Watu walicheka huku wakilia. Aliyecheka zaidi alikuwa Ambilikile.

Jumapili ile redio iliimba nyimbo za watu wengine. Anyisile alipopata nguvu, kwaya ilirekodi upya, nje uani, chini ya mbingu ya Mungu, na hakuna aliyefukuza kiumbe chochote. Kaseti ikaenda. Mchungaji alipowaambia siku itakapopigwa, kota nzima ilijaa uani kwa Ambilikile, redio juu ya meza, watu wameshikana mikono. Mtangazaji akataja jina la Tukuyu. Wimbo ukaanza, ukapanda, na katikati ya beti ya kwanza, nchi nzima ikisikia: Bwe! Bwe! Bwe!

"Huyo!" walipiga kelele wazee kwa watoto. "Huyo Mtasema! Huyo!"

Tangu siku hiyo, mtu wa hapa akikuona unamchukia anayekuonya kwa sababu tu sauti yake inakukera, hatagombana nawe. Atakwambia tu kama mlivyosikia bombani: aliyemzibia mbwa dirisha alijizibia pumzi.