Aliyemvusha Binti wa Fides

Jumanne tarehe 9 Julai, saa moja na dakika hamsini asubuhi, Fides Chaula alijifungua mtoto wa kike katika hospitali iliyoko kilomita thelathini na moja kutoka kijiji cha Lwavanu. Mtoto alikuwa na kilo tatu na gramu mia moja. Alilia, akanyamaza, akalia tena.

Habari ndiyo hiyo, wasikilizaji, na ni njema. Kilichobaki ni swali. Kabla sijalifikia, wajueni watu watatu.

Obedi Chaula, kifungua mimba wa Mama Rahabu, ana jicho. Ni mkulima wa viazi. Hushika kiazi, hukigeuza mara moja, akakwambia kama kimeoza ndani.

Edina, wa pili, ana mikono. Ni fundi cherehani. Nguo ikitoka kwake hairudi kupunguzwa wala kuongezwa.

Lutengano, kitinda mimba na mume wa Fides, ana mguu. Aliendesha malori ya mbao kwa miaka kumi na moja, na hakupindua hata moja. Madereva wenzake walimwita Konokono. Hakukasirika.

Lwavanu iko juu milimani. Kipupwe cha Juni na Julai huja na sakitu, umande ulioganda, inayounguza majani ya viazi, na maji ya chemchemi yanayokatiza barabara huganda yakawa kioo hadi jua la saa tatu. Julai ya mwaka uliotangulia, Fides alishikwa na uchungu asubuhi kama hiyo. Walimpakia kwenye pikipiki. Iliteleza mara nne. Walifika hospitali baada ya mwendo wa saa tano, na mtoto hakuwa hai.

Siku iliyofuata maziko, Fides alisema sentensi moja tu: "Sipandi pikipiki tena."

Alipopata mimba nyingine, na hesabu ya miezi ikaangukia Julai, familia ilikaa kikao kuchagua gari. Lutengano alitaka pikapu ya kubebea mbao na viazi. Edina alitaka basi dogo, ukoo mzima uende kanisani pamoja. Obedi alisema, "Ngojeni kwanza nikaangalie." Akaenda peke yake.

Alikaa siku tatu kwenye yadi ya magari mjini. Alivaa suti yake ya misibani, kwa kuwa hakuwa na nyingine, akalala chali chini ya magari kumi na manne. Muuzaji alimsifia rangi na redio. Obedi alimuuliza habari za ekseli. Alikataa magari kumi na matatu. La kumi na nne lilikuwa dogo, jembamba, lililoinuka tumbo, la fowili, yaani magurudumu yote manne huvuta. Alirudi nalo nyumbani.

Mama Rahabu alilizunguka mara mbili. "Obedi mwanangu, nilikutuma gari. Umeniletea mbuzi."

"Mbuzi umewahi kumwona amekwama, mama?"

"Bado."

"Basi."

Edina naye alilizunguka, akabonyeza tairi kwa kidole. "Na haya yatashika nini kwenye kioo?" Alichukua futi yake ya kushonea, akapima tairi kama anavyopima kiuno cha mteja, akaandika kwenye daftari lile lile, chini ya vipimo vya mchungaji. Kisha akaenda kwa wapasua mbao, akaomba minyororo chakavu ya kuburutia magogo. Aliikata vipande akavipanga sakafuni mwa duka lake, na fundi wa kuchomelea akaviunga kama alivyochora. Kila gurudumu lilipata wavu wake. Alivalisha akavua, mara tatu. "Hapa inapwaya," alimwambia fundi. "Punguza pete moja." Fundi alisema tangu azaliwe hajawahi kusikia tairi likishonewa. Edina akamwambia apunguze pete. Baada ya hapo alifanya mazoezi ya kufunga akiwa amevaa glavu, hadi akaweza magurudumu yote manne kwa dakika kumi na moja.

"Dada, hili linaenda hospitali au harusini?" Lutengano aliuliza. "Mbona unalivisha hivyo?"

"Wewe endesha. Mavazi niachie mimi."

Lutengano aliendesha. Kuanzia Aprili, kila Jumamosi alfajiri, alipita barabara ile kwa mwendo wa mtu anayetembea. Alihesabu sehemu saba ambapo maji hukatiza. Alivua kiatu cha mguu wa kulia, kwa sababu alisema kiatu humdanganya kuhusu pedali. Alishuka kila mteremko kwa gia namba moja, bila kugusa breki, akapanda tena, akashuka tena. Obedi alipanda naye safari moja, akaomba kushuka kilomita ya sita. "Mdogo wangu, mimi nitatangulia kwa miguu nikakusubiri," alisema.

Uchungu ulianza Jumanne saa kumi na moja na robo alfajiri. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi gari liliondoka. Lutengano alishika usukani, Obedi kando yake, Edina nyuma akiwa amempakata wifi yake.

Kilomita ya tisa walikuta lori limeteleza na kukaa mshazari. Kati ya pua yake na ukingo wa mlima palibaki uwazi. Obedi alishuka, akaupima kwa mikono iliyonyooshwa, akarudi akakunja vioo vya pembeni. "Tunapita," alisema. Walipita, kiganja kimoja upande huu na kiganja kimoja upande ule. Nyuma ya lori hilo, pikapu mbili na basi dogo vilikaa hadi saa nne asubuhi.

Kilomita ya kumi na saba, kwenye mwinuko, maji yalikuwa yameganda kwa urefu wa hatua arobaini. Magurudumu yote manne yalizunguka bila kupanda. Gari likaanza kurudi nyuma, kuelekea korongoni, likasimama kwenye jiwe. Edina alimlaza Fides kwenye kiti, akashuka na gunia la minyororo. Alitumia dakika tisa. Gari lilipanda hatua arobaini likisaga barafu, bila kuteleza hata moja. Juu palikuwa na mawe makavu, na minyororo hukatika kwenye mawe, kwa hiyo akaivua.

Kilomita ya ishirini na nne barabara hushuka kwenye kivuli cha misindano, miti yenye majani kama sindano. Hapakuwa na chemchemi hapo, na Lutengano hakuwa amepahesabu. Barafu ilikuwapo hata hivyo. Mkia wa gari ulianza kwenda pembeni.

"Breki," Obedi alisema.

"Lute, breki," Edina alisema.

"Mwacheni," Fides alisema.

Mguu mtupu wa Lutengano ulikuwa sakafuni, haujagusa chochote. Aligeuza usukani kidogo kuelekea upande ule ule ambao mkia ulikuwa unakwenda. Gari lilijinyoosha. Liliendelea kushuka kwa gia namba moja.

Walifika saa moja na dakika ishirini. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni. Muuguzi aliyempokea alisema baadaye: "Mngechelewa nusu saa, nisingekuwa na la kuwaambia." Obedi alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Sasa swali. Ukoo wa Chaula una desturi. Mtoto aliyepita hatarini hupewa jina na mtu aliyemvusha, mtu mmoja tu, na huyo huwa mzazi wake wa pili. Ndiye huulizwa kwanza binti anapochumbiwa, na akiugua, binti humuuguza kama mama au baba yake.

Jumatano Mama Rahabu alifika hospitali, akambeba mjukuu, akawageukia wanawe. "Nani amemvusha?"

"Kama si gari langu," Obedi alisema, "hawa wangekuwa nyuma ya lori, mmoja na minyororo yake, mwingine na mguu wake."

"Gari lako lilikuwa linarudi korongoni, kaka," Edina alisema. "Ulikuwa ndani yake. Au umesahau?"

"Na mimi?" Lutengano aliuliza. "Mlipiga kelele za breki wote wawili. Ningewasikiliza, tusingekuwa hapa tunagombania jina."

"Wewe ni baba yake," Obedi alimwambia. "Ulifanya kazi ya baba. Tayari ni mzazi, unataka uzazi wa pili wa nini?"

"Baba alikuwa anatetemeka. Aliyeshika usukani ni dereva."

Edina ana miaka arobaini na mmoja na hana mtoto. Obedi ana sita. "Mimi sina la kuongeza," Edina alisema, "ila wote mnajua."

"Tunajua, mwanangu," Mama Rahabu alisema. "Lakini desturi haiulizi nani hana. Inauliza nani kavusha."

Walimuuliza Fides. "Msinitafutie ugomvi na mume, shemeji na wifi," alijibu. "Mimi nilikuwa nimefumba macho." Akacheka. Edina anasema ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mwaka uliopita.

Mama Rahabu hakutoa uamuzi. Alisema atasikiliza kwanza watu wasio wa ukoo.

Ijumaa saa nne na nusu asubuhi Fides aliruhusiwa kutoka hospitali pamoja na binti yake, wote wazima. Kwenye kadi ya kliniki, mahali pa jina, muuguzi ameacha wazi. Nanyi mmesikia yote aliyoyasikia Mama Rahabu: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?