Pweza wa Mafungu Sita

Mtu mmoja alikuwa na bucha, mizani ya kweli na magoti mabovu. Jina lake Mtitu, na mji wake ulikuwa kule juu Njombe, kwenye baridi, ambako mwezi wa sita watu huvaa makoti mawili mawili na bahari huijua kwa kuisikia tu. Alikata nyama miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote hakuna mama aliyerudi dukani kwake kulalamika kwamba amepunjwa. Si jambo dogo hilo. Tupo wahubiri tusioweza kusema hivyo, na mimi ni mmoja wao.

Sifa yake kubwa ilikuwa sikukuu ya Krismasi. Kila mwaka majirani walichanga wakanunua dume la ng'ombe, na kazi ya kuligawa ikawa ya Mtitu. Alitandika turubai uwanjani, akapanga mafungu, na kila fungu alilitendea haki: kipande cha ini, kipande cha utumbo, mfupa wenye uboho, mafuta kidogo. Fungu hili likizidi mfupa, lile aliliongezea steki. Kisha mtu mmoja aligeuza mgongo, mwingine akalionyesha fungu kwa kidole na kuuliza, "La nani hili?" Yule asiyeona akataja jina, na jina likishatajwa, basi. Mtitu alikuwa na neno lake kuhusu jambo hilo: fungu likishavuka meza halirudi. Watoto wake watatu, Ditrick, Gaudensia na Festo, walikua na neno hilo masikioni.

Magoti yalipomshinda, alimwachia Ditrick bucha akakaa nyumbani na mkewe, Odilia. Akabakiwa na furaha moja. Kila Jumapili baada ya Misa watoto wake walikuja kula kwake na wajukuu sita, na nyumba ikajaa viatu mlangoni, vicheko, vilio na harufu ya wali. Mtitu alijifanya kukereka. "Hawa watu watanibomolea nyumba," alisema kila Jumapili. Lakini Jumamosi ni yeye mwenyewe aliyefuta mabenchi vumbi, akayapanga, akayahesabu, akayapanga tena. Aliwapenda mno, jamani. Angeona aibu kama mngejua kiasi gani.

Siku moja Odilia alimtuma sokoni chumvi. Kwenye meza ya mama mmoja auzaye mabeseni na midoli ya plastiki akaliona boksi. Ndani yake mlikuwa na vitofali vya kuchezea, vile vya kupachikana, mia moja na hamsini, vya plastiki nyepesi inayonuka upya wiki nzima. Bei yake haikufika kilo moja ya nyama ya mchanganyiko. Ila picha ya juu, loo! Pweza mwekundu, kasa, nyambizi ya njano yenye dirisha la duara, samaki wenye mistari, na maji, maji ya buluu kila upande. Mtitu alisimama pale mpaka magoti yakamkumbusha kuwa ana magoti. Akafikiria wajukuu wake, sita, na hakuna aliyewahi kuona maji makubwa kuliko bwawa la misheni. Akafungua pochi.

"Mzee, nilikutuma chumvi," akasema Odilia alipoliona boksi.

"Na chumvi inatoka wapi, kama si baharini?"

Odilia akacheka, akaenda kuazima chumvi kwa jirani.

Jumapili ikafika, boksi likawekwa juu ya mkeka, na mikono kumi na miwili ikaliangukia. Imelda, binti wa Gaudensia, akapiga kelele kwamba pweza ni wake kwa sababu amemwona wa kwanza. Wana wawili wa Ditrick wakashika nyambizi ya pichani, mmoja huku, mmoja kule, na boksi likapasuka katikati. Mdogo kuliko wote, Konjesta, mtoto pekee wa Festo, alisukumwa akakaa chini bila kupenda. Wazazi wakaanza kutupiana maneno. Mtitu akaona furaha yake inararuka mbele ya macho yake, akafanya kile alichokijua. Akaagiza turubai.

Watoto wakaketi kulizunguka. Akamwaga vitofali, akahesabu, ishirini na tano kwa kila mtoto. Hakuishia kwenye hesabu, maana hakuwa mtu wa kuhesabu tu. Kila fungu likapata maji kidogo, mchanga kidogo, pezi la samaki. Miguu ya pweza ilikuwa minane, kwa hiyo kila fungu likapata mmoja. Miwili iliyobaki akaiweka kwenye mafungu mawili, na macho mawili ya pweza akayapeleka kwenye mafungu mengine mawili ili kusawazisha. Mafungu mawili ya mwisho akayafidia kwa gamba la kasa na dirisha la nyambizi. Kisha Odilia akageuza mgongo, Mtitu akaonyesha kwa kidole, na majina yakatajwa. Kila mtoto akafunga fungu lake kwenye mfuko. Hakuna aliyelia. Wakubwa wakatikisa vichwa kwa heshima wakasema, mzee ni mzee. Siku hiyo Mtitu alilala usingizi mzuri wa mchana.

Msimcheke. Hata mimi ningepiga makofi.

Huko majumbani watoto walimwaga mafungu yao wakajaribu kujenga. Lakini utajenga nini kwa pezi moja na mguu mmoja? Wakachoka. Mke wa Ditrick akaviweka vya wanawe kwenye kabati la vyombo, nyuma ya glasi za wageni, visipotee. Gaudensia akagundua kwamba ile miguu miwili ya ziada iliangukia kwa watoto wa Ditrick, wote wawili. Ilikuwa bahati tu, mama yake ndiye aliyetaja majina na mgongo umegeuka. Lakini Gaudensia akasema kwenye simu kwamba aliyepewa bucha hupewa pweza pia. Neno likafika kwa Ditrick kabla chai haijapoa. Ditrick naye akajibu, na jibu lake siwezi kulisema hapa mbele yenu.

Jumapili iliyofuata Gaudensia alikuwa na udhuru. Ya pili yake Ditrick alikuwa na mgeni. Ya tatu Festo akaona asiende peke yake, asije akaonekana anajipendekeza kwa wazee. Siku hiyo Odilia alipika sufuria lile lile kubwa. Saa saba ikapita, saa nane ikapita, akafunika wali kwa sahani. Mtitu alikaa katikati ya mabenchi yaliyopangwa vizuri akarudia mgawo wote kichwani. Ishirini na tano, ishirini na tano, ishirini na tano. Mguu kwa jicho, gamba kwa dirisha. Alitafuta kosa lake akalikosa, na hilo ndilo lililomtia hofu, kwa kuwa kosa angejua kulitubu. Akaona kwamba watu wake wanamtoka, na mizani imesimama sawa.

Jioni ya Jumapili hiyo Konjesta akaja. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka pale, na alikuja na mfuko wa sukari wenye fungu lake. Akaamkia shikamoo, akakaa kwenye mkeka, akavipanga vitofali vyake kimoja kimoja: maji kidogo, mchanga kidogo, pezi. Mwisho akaweka mguu mmoja mwekundu, na kando yake jicho moja. Halafu akainua uso, bila lawama yoyote, kama mtoto anayeuliza kwa nini mvua inanyesha.

"Babu, kwa nini ulimchinja?"

Mtitu akafungua kinywa acheke, kicheko hakikuja. Maana miaka arobaini alikuwa amegawa, na kwa haki, lakini hakuwahi hata siku moja kugawa mnyama aliye hai. Dume lilichinjwa kwanza. Turubai lilikuja baadaye. Yeye alikumbuka turubai akasahau kisu, na sasa kisu alikiona, na mkono ulioshika kisu ulikuwa wake. Akalitazama lile jicho moja la plastiki juu ya mkeka, na machozi yakamtoka, mtu mzima yule, mbele ya mjukuu. Konjesta akampangusa kwa ncha ya sweta lake.

Kesho yake akachukua fimbo. Akaenda kwanza kwa Ditrick, mwendo wa kilima kizima, akasimama mlangoni akihema. Mke wa Ditrick akakimbia kuleta kiti. Mtitu hakukaa. Akasema, "Mwanangu, nimekuja kuomba. Jumapili njooni, na lile fungu mje nalo."

Ditrick hakuwahi kumsikia baba yake akiomba kitu. Akaangalia chini. "Baba, si wewe uliyetufundisha? Fungu likishavuka meza halirudi."

"Hiyo ni sheria ya bucha," akasema Mtitu. "Hapa nimekuja kwa mwanangu."

Mtitu hakumbana. Aliaga, akashuka kilima, akapanda kingine kwenda kwa Gaudensia. Huko alisikiliza habari za miguu ya ziada mwanzo hadi mwisho, amesimama. Gaudensia alipomaliza, baba yake akamwambia, "Umesema kweli, mama, fungu lako lilikuwa na upungufu. Na lao pia. Na la Konjesta. Yote sita yalikuwa na upungufu, na niliyeyakata ni mimi. Njoo Jumapili." Gaudensia alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, hakujiandaa kwa hilo. Akaingia ndani kumtafutia baba yake dawa ya kuchua magoti. Kwa Festo alifika giza linaingia, na Festo akamrudisha nyumbani akimshika mkono.

Jumapili wakaja. Msidhani walikuja wakiimba. Walikuja kama watu wanaokwenda kwenye kesi, kila mtoto amekumbatia mfuko wake, kila mama amekaa karibu na wake. Wali ukaliwa. Kisha Konjesta, ambaye hakujua kuwa kuna kesi, akakaa katikati ya mkeka akamwaga vyake vyote. Akaweka mguu wake mmoja. Akaweka jicho lake moja, akamgeukia Imelda akasema kwamba la pili analo yeye.

Imelda akamtazama mama yake. Gaudensia akatazama dari, akatazama dirisha, mwisho akamtazama baba yake aliyekaa pale na magoti yaliyovimba kwa ajili ya vilima viwili. "Mpe, bwana," akasema. "Atamwona nani kwa jicho moja?"

Basi. Mmoja akicheka, wa pili hushindwa kujizuia. Mifuko ikafunguka. Karatasi ya maelekezo ilikwisha kutumika kuwashia jiko siku nyingi, na picha ya boksi ilikuwa vipande viwili, kwa hiyo walibishana kila hatua, wakubwa kuliko wadogo. Festo, aliyewahi kufika Dar es Salaam kwa siku tatu, akajifanya mwenyeji wa bahari. Ditrick akalala kifudifudi kwenye mkeka, koti la Misa na yote, akitafuta pa kupachika dirisha la nyambizi, na dada yake akamwambia kwamba hana akili tangu utotoni, wakacheka wote wawili mpaka Gaudensia akashika mbavu. Vitofali saba havikuonekana. Kimoja kati ya hivyo alikimeza mbwa. Pweza akasimama na miguu saba, ameinamia upande, na hakuna aliyemwona kuwa na kasoro.

Jua lilipoanza kushuka wakainuka kwenda zao. Hapo Imelda akauliza swali la haki kabisa: je, kila mtu abomoe achukue vyake? Mtitu alihisi mkono wake wa kulia ukianza kuhesabu wenyewe, mia moja arobaini na tatu kwa sita, ishirini na tatu, na vitano vya kufidia. Mikono ina mazoea, jamani. Akaukalia.

"Acheni hapo hapo mkekani," akasema. "Kila mwenye mguu wake ajue ulipo, aje autazame."

Wakaacha. Na kila Jumapili huja kuutazama, na Odilia amelazimika kununua sufuria kubwa zaidi.

Sasa ndugu zangu, mmekuja leo na kamba ya kupimia na mashahidi, mnataka niwagawie sawa kwa sawa kile mlichoachiwa na wazazi wenu ili kibaki kimoja, na mimi naweza, mizani ninayo. Lakini kabla sijatandika turubai nijibuni: mna hakika kimekwisha kufa?