Kigoda cha Kimbwini

Zamani, njooni!

— Tumekuja!

Mmekuja na nini?

— Na masikio!

Na midomo je?

— Tumeiacha mlangoni!

Haya, kaeni. Kidawa, sukuma kuni ndani kidogo, moto wa uji usilale. Na sikilizeni vizuri: nikishaanza sitaki kukatizwa. Atakayenikatiza leo, uji ataishia kuunusa.

Palikuwa na mji ukiitwa Kimbwini, zamani hizo ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa bibi yake. Mji ulikuwa kando ya mto mkubwa, na kati ya mto na mashamba palikuwa na tuta. Si tuta la viazi, wewe unayecheka hapo! Tuta la udongo, refu kuzidi mtu mzima, limeanzia kilimani likaishia msituni. Mto ukifura, tuta linauzuia. Mpunga unaiva, watu wanakula, wanaoana, wanagombana, wanapatana.

Mnadhani mji ule ulisimama kwa sababu ya tuta? Wapi! Ulisimama kwa sababu ya kigoda.

Mkubwa wa mji aliitwa Jumbe. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, Jumbe alivua kilemba, akatoka nyumbani kwake peku, akaja uwanjani akakaa juu ya kigoda kifupi, kigoda cha jikoni, kama hiki nilichokalia mimi. Magoti yanagusa kidevu! Kisha mpiga mbiu anaziita nyumba za mji, moja moja. Wahunzi! — Tupo! Wafinyanzi! — Tupo! Wasukaji mikeka! — Tupo! Nyumba zote zikishaitika, mwenye neno anasimama mbele ya Jumbe na kumsuta. Mwanamke, mwanamume, mtoto, mgeni aliyekaa mwaka mmoja, yeyote. Anamwambia kosa lake machoni, na Jumbe haruhusiwi kujitetea. Jibu lake ni moja tu: "Nimesikia." Halafu yule aliyemsuta anamchotea maji kwa kata, Jumbe anakunywa, na yamekwisha. Hakuna kinyongo, hakuna kisasi. Ila kosa lile litengenezwe kabla ya mvua.

Na asiyesema siku ile, basi asije kunung'unika jikoni kwake mwaka mzima. Ndiyo ilikuwa sheria. Tamu, sivyo? Ngoja sasa.

Akatawazwa Jumbe mmoja, jina lake Mkomwa. Hakuwa mtu mbaya. Msitake kila hadithi iwe na zimwi. Alikuwa mtu mkarimu, mcheshi, anapenda watoto. Lakini mwaka mmoja akiwa kigodani, akasimama mtoto mmoja wa kike mfano wako wewe, akasema: "Jumbe, unakoroma mpaka mbuzi wetu wanaamka."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu wakashika mbavu. Mkomwa akasema "Nimesikia," akanywa maji, akaenda zake. Lakini moyoni kile kicheko kilimchoma, kikakaa.

Mwaka uliofuata akasema, "Watoto wana utani mwingi. Wazee peke yao ndio wasute." Watu wakasema, si neno. Mwaka mwingine akasema, "Wazee wangu mnachoka kusimama juani. Mwambieni Shekuwe, naye ataniambia." Shekuwe ndiye aliyekuwa mpiga mbiu, mtu mwenye ulimi laini kama samli. Watu wakasema, si neno. Mwaka mwingine tena kigoda kikaongezwa miguu, kikawekewa mto wa sufi, kikawa kiti kirefu ambacho mtu anapandia. Na kuziita nyumba kukaachwa, eti kunachelewesha chakula. Maana sasa palikuwa na chakula! Wali wa nazi, nyama ya mbuzi, ngoma tangu asubuhi. Siku ya kusutwa ikawa siku ya kusifiwa.

Na watu wakafurahi, wajukuu zangu! Hapo ndipo panaponiuma. Hakuna aliyewatia kisu shingoni. Walikula wali wa Mkomwa, wakalamba vidole, wakasema mwaka huu mbuzi amenona.

Sasa ng'ombe wa Jumbe walikuwa wengi, na kila jioni walivuka juu ya tuta kwenda kunywa mtoni, mahali pamoja, kwato zilezile. Udongo ukamomonyoka. Wahunzi waliona. Wafinyanzi waliona. Shekuwe aliona, tena viatu vyake vilizama pale matopeni! Jumbe akamuuliza, "Tuta likoje?" Shekuwe akajibu, "Tuta linakusalimu, bwana wangu."

Mvua ikanyesha. Mto ukapita palepale pa ng'ombe, ukabeba mpunga wote. Njaa ikaingia. Watu wakaanza kuhama, nyumba baada ya nyumba, kimyakimya, wamefunga vyungu kwa kamba visigongane. Jumbe akaangalia mji, akamwambia Shekuwe, "Mbona kimya?"

"Wamekwenda ukweni, bwana wangu."

"Wote?"

"Mwaka huu ndoa zilikuwa nyingi."

Na akaamini! Mji mzima uko ukweni! Mtu akizoea kudanganywa vizuri hufika mahali akili yake mwenyewe inamwonea haya.

Basi palikuwa na mjane mmoja, Mashavu, mfinyanzi. Shamba lake lilikuwa chini kabisa ya lile pengo la tuta. Alikuwa amebakiwa na kikapu kimoja cha mbegu, na mwanawe wa pekee, Kombo, na mkamwana wake, mke wa Kombo, mwenye mimba kubwa. Kombo akafunga mizigo. Akasema, "Mama, kesho ni ile siku ya kumsifu Jumbe. Tule wali wake, halafu twende. Mvua ikinyesha tena, tukipanda mbegu hii itakwenda na maji, na mtoto atazaliwa hana cha kula."

Mashavu akasema, "Twende wapi? Mimi kitovu changu kimezikwa hapa. Cha baba yako kimezikwa hapa. Na cha huyo aliye tumboni kitazikwa hapahapa."

"Mama, mji umekufa."

"Haujafa. Umefumbwa mdomo."

Asubuhi yake watu wachache waliobaki wakakusanyika uwanjani. Jumbe yuko juu ya kiti chake kirefu. Ngoma inalia, wali unatoa moshi. Mara wakamwona Mashavu anakuja, kigoda cha jikoni kichwani, mtungi wa maji kiunoni. Akapita katikati ya watu. Akatua kigoda chini, pu! mbele ya Jumbe.

"Shuka," akasema.

Watu wakashika vichwa. Shekuwe akapiga kelele, "Wapiga ngoma! Pigeni!" Wakapiga, ngoma ikammeza. Mashavu akakunja mikono, akangoja. Wakapiga, wakapiga, jasho likawatoka.

"Pigeni," akawaambia. "Mikono yenu itachoka. Mimi nimekula njaa mwaka mzima na sijachoka."

Ngoma ikafifia, ikanyamaza. Jumbe akasema, "Mama, una shida gani? Kaa ule."

"Sili. Shekuwe, wewe ni mpiga mbiu. Ziite nyumba."

Shekuwe akatazama chini.

"Basi nitaziita mimi." Akageukia uwanja, akapaza sauti. "Wahunzi!"

Kimya.

"Wasukaji mikeka!"

Kimya.

"Wafuga nyuki! Wachonga mizinga! Watu wa Kilimani!"

Kimya, kimya, kimya. Kuku walisikika wakiparura.

"Wafinyanzi!" akaita, na akaitika mwenyewe: "Tupo!"

Jumbe alikuwa amekwisha kushika mikono ya kiti. "Shekuwe aliniambia wako ukweni."

"Wamehama, Mkomwa! Ng'ombe wako wamevunja tuta, mto umekula mashamba, watu wamehama! Na sisi tulikuwa tunakuja hapa kula mbuzi wako na kukusifu. Nyinyi nyote mlio hapa, futeni midomo hiyo! Mliona, na mimi niliona. Tumeuuza mji huu kwa sahani ya wali!"

Hasira ikampanda Jumbe. Akasimama juu ya kile kiti. "Mwanamke, jua lisizame uko katika mji huu! Toka!"

Mnajua Mashavu alifanya nini? Alicheka.

"Nitoke? Wenzangu wote wametoka, na wala hukuwafukuza. Nimebaki mimi niliyekataa kutoka, na mimi ndiye unayenifukuza? Utamtawala nani, Mkomwa? Vifaranga?" Akakaa chini mavumbini, miguu kaikunjua. "Sitoki. Nibebeni."

Hakuna aliyesogea. Halafu Kombo, yule aliyekuwa amefunga mizigo, akatoka akaja kusimama nyuma ya mama yake. "Jumbe, na mimi nina neno. Lile lango la ghala umelifunga na sisi tuna njaa." Akaja mpiga ngoma mmoja: "Na mimi ninalo." Akaja kikongwe: "Na mimi." Nusu yao walikuwa wanalia.

Mkomwa angeweza kuita mikuki. Mimi simsifu. Lakini alitazama uwanja ule mtupu, akavua kilemba, akashuka. Akakaa juu ya kigoda, magoti yakagusa kidevu. Akasema, "Nimesikia."

Akanyoosha mkono kupokea kata ya maji.

Mashavu akaukumbatia mtungi wake. "Aa, bwana. Tumeshasikiwa sana. Maji utayanywa kwenye tuta."

Basi Jumbe akaenda kwenye tuta na jembe begani. Akachimba, akabeba udongo kwa karai, mikono ikatoka malengelenge. Ghala likafunguliwa. Watu wakabeba, Shekuwe naye akabeba, tena yeye alipewa upande wa matope. Wakatuma habari kwa waliohama. Wengine walirudi. Wengine hawakurudi kamwe, walishauchoka mji, na haki yao. Mvua ikaja, mto ukafura, ukapiga tuta, ukatoboa hapa, wakaziba, ukatoboa pale, wakaziba. Tuta likashika. Mbegu ya Mashavu ikaota, na mjukuu wake akazaliwa, kitovu kikazikwa palepale. Hapo ndipo Mashavu alipochota maji, juu ya tuta, akampa Mkomwa. Akanywa yote, akaomba tena.

Kile kiti kirefu wakakikata miguu. Na mwaka uliofuata, Jumbe alipokwisha kusutwa, watu wakamwambia Mashavu, "Na wewe kaa. Tangu siku ile umekuwa na majivuno, hutaki kuambiwa." Akatoa macho! Lakini alikaa.

Basi shikeni hili. Mji hauanzi kufa siku mto unapopita. Unaanza siku mtu anapoona pengo, akatazama sahani yake, akanyamaza. Na hauhitaji jeshi kuuamsha. Unahitaji mmoja akae chini mavumbini aseme sitoki, na wa pili asimwache peke yake. Mkubwa yeyote, awe nani, akiwaambia nyamazeni, muulizeni kigoda chake kiko wapi.

Haya, mbona mnatazamana? Kidawa, una nini? Sema!

— Bibi... uji unaungua.

Eh! Tangu lini?

— Tangu ng'ombe walipovuka tuta.

Na nyinyi nyote mliisikia harufu? Mkanyamaza?

— Ulisema atakayekukatiza hatapata uji.

Eti nilisema. Haya! Nimesikia. Epueni chungu, leo tutakula viazi, na mimi ndiye nitakayemenya. Kidawa, nichotee maji, mwanangu.

Hadithi yangu imekwisha. Midomo yenu iko mlangoni. Ichukueni, na msiiache tena popote.