Fisi Akata Springi

— Nianze?
— Anza, tupo!
— Nikitisha?
— Tisha, tumeshikana!

Paliondokea Fisi, mwenye taya za kuvunja mifupa na tumbo lisilojaa. Aliokota springi ndefu kwenye gari bovu porini, akaitundika mtini kwa kamba. Chini yake akafunga kitanzi.

Kila asubuhi wanyama wadogo walipanga foleni. Mmoja mmoja alivishwa kitanzi kwapani. Ng'iii! Springi ikarefuka. Mwepesi alibaki hewani, akarudi kwao. Mzito aligusa ardhi, akaliwa. Ndiyo sheria aliyoiweka Fisi, maana asingeweza kuwakimbiza wote; kwa sheria hiyo walikuja wenyewe.

Digidigi alikuwa na mtoto mmoja aliyezidi kunenepa kila siku. Juzi springi ilimshusha kidogo. Jana ikamshusha zaidi. Leo, ng'iii! Kwato zikabaki juu ya ardhi kwa upana wa jani.

"Kesho, mjukuu wangu," Fisi akasema, mate yakimdondoka.

Mama mtu alikuwa ameikodolea macho ile springi. Kila pete ilifunguka kidogo tu. Ni wingi wa pete uliomshusha mwanawe.

"Babu," akasema, "springi moja kwa foleni yote hii? Si utakufa njaa! Ikate katikati, uwe na mbili. Foleni mbili, unakula maradufu."

"Maradufu?"

"Maradufu, babu. Urefushe kamba tu, vitanzi viwe palepale pa zamani. Ndiyo haki."

"Ametuuza huyu!" Panya akanong'ona.

Fisi akauma. Kachaa! Zikawa mbili.

Asubuhi mtoto akavishwa kitanzi. Mama akafumba macho. Ng'i! Springi ikashuka nusu tu ya jana, ikagoma. Fisi akapenyeza pua chini ya kwato. Ikapita yote.

"Jana huyu alikaribia kugusa!"

"Ameogopa usiku kucha, babu. Woga hukondesha."

Akaja Panya. Ng'i! Hewani. Akaja Sungura. Ng'i! Hewani. Foleni zote mbili zikaisha, Fisi hajala.

"Nchi ya wakondefu hii!" akafoka. Akatia springi zake shingoni, akaenda kutafuta wanene kwingine.

Ngano yangu imefika kizingitini. Wa mwisho afunge mlango. Na funzo lake, watoto: mtu akitaka kuwala, mshaurini vizuri. Na msipende kula sana. Ogopeni tu, mtakonda.